Nairobi hadi New York: Nani Analipia Saa 15?

Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilirusha ndege yake ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York. Ni safari ya takriban kilomita 11,800. Boeing 787-8 inayotumika, kwa makaratasi ya kiwandani, huweza kwenda zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani biashara hii ni mteremko.

Sivyo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa nayo hudai kasi zaidi kabla ya kuinua ndege, kwa hiyo uzito wa kuruka una kikomo. Mafuta ya kuvukia Atlantiki hayana mjadala. Kinachoachwa ni shehena, na mambo yakibana, hata viti. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia kidogo. Ethiopian Airlines inabanwa zaidi: Addis Ababa iko juu ya mita 2,300, na ndege zake za kwenda Washington zimekuwa zikitua Dublin au Lomé kujaza mafuta, ilhali zikirudi huja moja kwa moja.

Kisha kuna upepo. Mikondo ya juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo kwenda New York ni kama saa 15 na kurudi ni 14. Saa hiyo moja ni mafuta, tena ndege haibebi abiria mwingine kuifidia. Safari ilipoanza ilitangazwa kuwa na marubani 4 na wahudumu 12, maana hakuna awezaye kukaa kazini muda wote huo bila kupokezana.

Gharama hizo zote zinabebwa na viti 234, na 30 tu kati yake ni vya daraja la biashara. Washindani wanaopitia Dubai, Doha au Amsterdam hujaza ndege zao kwa abiria wa miji chungu nzima. Nairobi inategemea abiria wake yenyewe, pamoja na wachache wanaounganisha kutoka Dar es Salaam, Entebbe au Kigali. Haishangazi kwamba miezi michache tu baada ya uzinduzi, safari za kila siku zilipunguzwa hadi tano kwa wiki.

Kwa maoni yangu, njia hii ina mteja wake wa uhakika: Umoja wa Mataifa una makao makuu New York na ofisi kubwa Gigiri jijini Nairobi, na mtu wa mkutano wa siku mbili hulipia saa bila kulalamika. Anayekwenda kukaa na wajukuu miezi mitatu hana haraka hiyo. Huyo alinganishe nauli kwanza, na tofauti ikiwa kubwa, apitie Doha.