Uzi: Je, kampuni inaweza kumiliki pembe za simu?

1/ Mjadala wa viwanda na ubunifu ukianza, iwe kwa TV ama kwa baraza, lazima mmoja atasema, "Hawa wakubwa wanamiliki hadi pembe za simu!" Mwenzake anajibu, "Wewe unatetea wezi." Makofi, basi, hakuna aliyeelimika. Wacha nieleze polepole kwa kesi moja maarufu: Apple dhidi ya Samsung.

2/ Kwanza, Marekani hataza si ya aina moja. Ya kawaida hulinda jinsi kitu kinavyofanya kazi. Ya umbo hulinda jinsi kinavyoonekana. Chukua jiko: namna linavyookoa makaa ni ya kwanza, sura yake ni ya pili. Hataza ya umbo karibu yote ni michoro. Mstari usiokatika unadaiwa, ule wa nukta nukta haudaiwi.

3/ Aprili 2011 Apple walishtaki Samsung huko California. Hataza tatu za umbo ndizo zilibeba uzito: uso wa mbele mweusi ulio bapa, uso wenye ukingo unaouzunguka, na mpangilio wa ikoni kwenye skrini. Kwa hivyo hakuna aliyepewa kila mstatili wenye pembe za mviringo. Hata dai la umbo la tablet, jopo la kesi hiyo hiyo lilikataa.

4/ Sasa nani anaamua kama vitu viwili vinafanana? Kipimo ni cha 1871, kwenye kesi ya vijiko na uma. Swali lake: mnunuzi wa kawaida, akiangalia vile wanunuzi huangalia, angechukua hiki akidhani ni kile? Ni swali la macho, na macho ya watu hutofautiana. Hapo ndipo mawakili hupata kazi.

5/ Lakini vita vikubwa vilikuwa vya pesa. Mwaka 1885 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mazulia yaliyoigwa. Mwenye umbo akatoka na senti 6. Ndiyo, 6! Bunge lao likabadilisha sheria 1887: aliyeiga anaweza kudaiwa faida yote ya bidhaa hiyo. Kwa zulia inaeleweka, maana mchoro ndio unaliuza. Je, simu?

6/ Agosti 2012 jopo liliamua Samsung walipe zaidi ya dola bilioni 1. Samsung wakasema: ndani ya simu kuna chipu, kamera na programu, mbona tulipe faida yote kwa sababu ya sura? Apple wakasema sura ndiyo ilivuta mteja. Mkisikiliza vizuri, kila upande una hoja.

7/ Desemba 2016 majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu walikubaliana: "bidhaa" kwenye sheria hiyo inaweza kuwa simu nzima ama sehemu yake tu. Namna ya kupima hawakusema. Kesi ikarudi chini, na Mei 2018 jopo jingine likasema dola milioni 539. Juni wakasikizana. Miaka 7!

8/ Nje ya Marekani? Ujerumani, mahakama ya Düsseldorf ilizuia Galaxy Tab 10.1 mwaka 2011. Uingereza, 2012, jaji akasema tablet za Samsung hazikuiga, kwa sababu hazina mvuto wa ile ya Apple. Samsung walishinda kwa kuambiwa hawapendezi 😅

9/ Na sisi je? Haki hizi ni za nchi kwa nchi. Hataza ya Marekani haina meno Luthuli Avenue. Hapa unasajili umbo kwa KIPI, chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001: miaka 5, unaongeza mara mbili, jumla 15. Simu feki yenye nembo ya mwenyewe ni kosa tofauti kabisa, tusichanganye.

10/ Kwa nini ujali? Fikiria fundi wa Kamukunji aliyechora sanduku zuri, na wiki ijayo linauzwa kila kibanda. Sheria ikiwa dhaifu, anabaki na zile senti 6. Ikiwa kali kupita kiasi, mwenye pesa za mawakili anamfungia kijana anayeunganisha simu za bei nafuu, na mamako analipa zaidi.

11/ Kwa maoni yangu umbo lilindwe, lakini malipo yalingane na kile kilichoigwa, si kitu kizima. Kwa hivyo anayetaka kura akisema "tutalinda ubunifu", muulize matatu: utalinda nini hasa? Kwa miaka mingapi? Na aliyeiga atalipa faida yote ama ya sehemu? Akianza kukohoa, umeshapata jibu.

Mtumie yule wa kubishana kwa grupu ya familia.