Mwezi: Asili Yake, Mawe Yake na Ushahidi wa Mwandamo

Kila jioni ya tarehe 29 Shaabani, watu wa Bagamoyo na Kaole hutoka kutazama mwezi kama walivyofanya wazee wao. Bahari yetu iko mashariki, na mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya jua kuchwa. Kwa hiyo mwenye kuutafuta huupa mgongo ufuko akaangalia bara, juu ya minazi. Tumeona vyema kueleza mwezi wenyewe ni kitu gani, umetokana na nini, na elimu hiyo inamfaa nini imamu aletewaye ushahidi.

Kwanza, mwezi hauna nuru ya kwake. Ni jiwe linalopigwa na jua, na katika kila sehemu 100 za mwanga liupatao hurudisha kama 12 tu. Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu na mwaka 1040, aliandika risala juu ya nuru ya mwezi, na nyingine juu ya madoa yaonekanayo usoni mwake. Leo madoa hayo yanajulikana. Baina ya 1969 na 1972 Wamarekani 12 walitembea juu ya mwezi, na safari zao zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Sehemu nyeupe ni nyanda za juu, nazo ndizo kongwe zaidi. Madoa meusi ni mabonde yaliyojazwa uji wa moto uliotoka ndani ya mwezi ukaganda, jamii ya mawe meusi ya volkano yapatikanayo Kilimanjaro. Mengi ya mawe hayo yana zaidi ya miaka bilioni 3.

Ama kuhusu asili yake, wataalamu walio wengi wanaona kwamba kiasi cha miaka bilioni 4.5 iliyopita, dunia ikiwa bado changa, iligongwa na gimba lenye ukubwa unaokaribia wa sayari ya Mars. Vifusi vilivyoyeyuka vikarushwa angani, vikaizunguka dunia, kisha vikashikana kuwa mwezi. Dalili zao ni kwamba mawe ya mwezi yanafanana mno na ya dunia katika aina za oksijeni yake, na kwamba mwezi una chuma kidogo kuliko dunia. Hata hivyo wangali wakijadiliana namna mgongano huo ulivyokuwa. Kwa lugha ya mafakihi, hiyo ni dhana yenye nguvu, haijafika daraja ya yakini.

Mwendo wa mwezi ni jambo jingine, kwani huo hupimwa. Wavuvi wetu wanajua kwamba mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Maji hayo yanapojaa na kupwa huupunguza mzunguko wa dunia kidogo kidogo, na mwezi nao husogea mbali. Vioo vilivyoachwa mwezini tangu 1969 vimewezesha kupima kwamba husogea kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka. Ushahidi mwingine umo katika matumbawe. Kuta za msikiti wa kale wa Kaole zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Hayo si ya zamani sana. Lakini mwaka 1963 John Wells wa Marekani alihesabu mistari ya ukuaji katika matumbawe yenye zaidi ya miaka milioni 350, akakuta mwaka wa zama hizo ulikuwa na siku kama 400. Siku zilikuwa fupi kuliko zetu.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mwezi kukutana na jua upande mmoja hujulikana kwa hesabu hadi dakika, na kutoka mkutano hadi mkutano ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Hilo ni yakini. Kuonekana kwake jioni fulani hutegemea urefu wake juu ya upeo, mawingu na macho ya mtazamaji, na hapo mna dhana. Ndiyo maana Imamu Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 756 Hijria (1355), alisema ushahidi unaopingana na hesabu ya yakini hurudishwa. Wengine katika madhehebu hayo hayo hawakumkubalia, wakashika ushahidi wa waadilifu. Khitilafu hiyo ni ya kale, na haifai kuwa sababu ya ndugu kususiana Sikukuu.

Lililo jepesi kwa kila imamu ni kumuuliza shahidi kwa upole: uliuona upande gani wa pale jua lilipochwea? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Upande unaong'aa hauna budi kulielekea jua, na kwa kuwa pwani yetu iko karibu na ikweta, mwandamo wetu aghalabu hulala kama ngalawa, pembe juu. Anayesema pembe zilielekea chini, penye jua, hakuona mwezi, ijapokuwa ni mkweli wa nafsi yake.

Wallahu a'alam.