Kipozajoto cha prosesa

Kipozajoto cha prosesa ni kifaa cha metali kinachofungwa juu ya prosesa ya kompyuta ili kuondoa joto linalotokana na kazi yake na kulipeleka hewani. Baadhi ya prosesa za kompyuta za mezani huuzwa pamoja na kipozajoto kidogo cha kiwandani, ambacho hutosha kwa matumizi ya kawaida. Mtu anayetaka kuzidisha kasi ya prosesa, yaani kuiendesha kwa kasi ya saa iliyo juu kuliko ile iliyowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida huhitaji kipozajoto kingine chenye uwezo mkubwa zaidi. Uchaguzi wake hutegemea kiasi cha joto linalotolewa, halijoto ya chumba, nafasi iliyopo ndani ya kasha na kelele ambayo mtumiaji anaweza kuivumilia.

Chanzo cha joto

Sehemu kubwa ya joto la prosesa inayofanya kazi huongezeka sawia na kasi ya saa, na pia sawia na mraba wa volteji. Kwa sababu hiyo volteji ina athari kubwa kuliko kasi yenyewe.

Tuchukue mfano wa prosesa inayotoa wati 95 ikiwa na kasi ya GHz 4.0 na volti 1.20. Ikipandishwa hadi GHz 4.8 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa asilimia 20, lakini joto limeongezeka kwa takriban asilimia 52 na kufikia wati 144. Mtumiaji akiridhika na GHz 4.6 kwa volti 1.25, joto hushuka hadi takriban wati 119. Amepoteza asilimia 4 tu ya kasi na ameondoa wati 25. Hivyo kutafuta volteji ndogo kabisa ambayo prosesa inaweza kufanya kazi nayo bila hitilafu ni hatua ya kwanza ya upoaji, tena haina gharama.

Mfano maarufu katika historia ya uzidishaji wa kasi ni Celeron 300A ya kampuni ya Intel, iliyotolewa mwaka 1998. Kasi yake ya kiwandani ilikuwa MHz 300. Watumiaji wengi waliifikisha MHz 450 kwa kupandisha kasi ya basi kutoka MHz 66 hadi MHz 100. Wakati huo joto la prosesa lilikuwa dogo likilinganishwa na la leo. Core i9-12900K ya mwaka 2021 imepangiwa na Intel wati 125 kwa kasi ya msingi, lakini wati 241 inapofanya kazi kwa nguvu zote, hata kabla mtumiaji hajabadilisha chochote. Kwa hiyo anayechagua kipozajoto aangalie kiwango cha juu cha wati, si kile cha msingi.

Safari ya joto

Joto huanzia kwenye chipu ya silikoni, hupita katika kifuniko cha metali cha prosesa, kisha katika bamba la chini la kipozajoto, na mwishoni hufika kwenye mapezi ambako hewa hulichukua. Kila hatua ina ukinzani wake. Ukinzani wa safari yote hupimwa kwa sentigredi kwa kila wati: ukiwa 0.45, basi kila wati moja huifanya prosesa iwe na joto zaidi ya hewa kwa sentigredi 0.45.

Katika chumba chenye sentigredi 30, prosesa ya wati 144 yenye ukinzani wa 0.45 itafika takriban sentigredi 95, kiwango ambacho prosesa nyingi huanza kujipunguzia kasi ili zisiharibike. Ukinzani ukishuka hadi 0.30, itafika sentigredi 73. Katika chumba chenye sentigredi 20, kila moja ya namba hizo hupungua kwa 10. Majaribio mengi ya vipozajoto hufanywa katika vyumba vyenye ubaridi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na kiyoyozi anapaswa kuongeza tofauti hiyo kabla ya kuyategemea. Kipozajoto kinachotumia hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya halijoto ya hewa inayokipitia.

Si kila hatua ya safari hii inaweza kurekebishwa kwa kununua kipozajoto kikubwa. Mwaka 2012 Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha Ivy Bridge, iliacha kulehemu chipu kwenye kifuniko na badala yake ilitumia krimu ya kupitisha joto. Prosesa hizo zilipata joto haraka zilipozidishiwa kasi, kwa sababu kikwazo kilikuwa chini ya kifuniko, mahali ambapo kipozajoto hakifiki.

Metali na mirija ya joto

Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri zaidi kuliko alumini kwa takriban mara 1.7, lakini uzito wake ni zaidi ya mara tatu kwa ujazo uleule. Ndiyo maana vipozajoto vingi huwa na shaba kwenye bamba la chini na alumini kwenye mapezi.

Kati ya sehemu hizo mbili hupita mirija ya joto. Huu ni mrija wa shaba uliofungwa pande zote, wenye kimiminika kidogo ndani yake, mara nyingi maji. Kimiminika huchemka upande wa prosesa, mvuke huenda kwenye mapezi, hupoa na kuwa kimiminika tena, kisha hurudi kupitia utambi uliopo kwenye kuta za mrija. Kwa kuwa shinikizo la ndani ni dogo, maji huchemka kwa halijoto iliyo chini sana ya sentigredi 100. George Grover wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani aliutengeneza mrija wa aina hii mwaka 1963.

Umbo na vipimo

Vipozajoto vya mnara husimama wima juu ya ubao mama na kusukuma hewa kuelekea nyuma ya kasha. Hufaa zaidi kwa kuzidisha kasi kwa kuwa vina eneo kubwa la mapezi. Vile vya kulala hupuliza hewa chini na kupoza pia sakiti za umeme zilizo kando ya soketi. Anayetumia mnara ahakikishe kwamba feni za kasha zinapeleka hewa kwenye sakiti hizo.

Kabla ya kununua, mtu apime mambo yafuatayo:

- Urefu. Noctua NH-D15 ya mwaka 2014 ina milimita 165, na makasha mengi membamba hayawezi kuifunika.
- Nafasi ya RAM. Feni ya mbele inaweza kugonga RAM zenye mapezi marefu.
- Soketi. Matundu ya soketi ya LGA1700 yana nafasi ya milimita 78, ilhali ya LGA1200 ni milimita 75. Vishikio vya moja haviingii moja kwa moja kwenye nyingine.
- Uzito. NH-D15 pamoja na feni zake ina takriban kilo 1.3. Kipozajoto kizito kinahitaji bamba la kukishikilia nyuma ya ubao mama, na ni vizuri kukiondoa kabla ya kusafirisha kompyuta.

Feni na kelele

Kiasi cha hewa hupungua sawia na mizunguko ya feni, lakini kelele hupungua kwa kasi zaidi: feni ikipunguzwa mizunguko kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Kwa hiyo feni kubwa inayozunguka polepole hupendelewa kuliko ndogo inayozunguka haraka.

Ufungaji na majaribio

Krimu ya kupitisha joto hujaza mikwaruzo midogo kati ya metali mbili. Tabaka jembamba hutosha. Metali ya kimiminika yenye galiamu hupitisha joto vizuri zaidi, lakini huila alumini na hupitisha umeme, hivyo isitumiwe kwenye kipozajoto chenye bamba la alumini. Skurubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana ili shinikizo liwe sawa.

Baada ya kufunga, prosesa hufanyishwa kazi nzito huku halijoto ikifuatiliwa mpaka itulie. Ikiwa inafika kikomo chake, hupunguzwa volteji kwanza, na kasi ikibidi. Vumbi kwenye mapezi huongeza ukinzani taratibu, hivyo kompyuta iliyofaulu jaribio siku ya kwanza inaweza kushindwa baada ya miezi kadhaa isiposafishwa.