Kabati la michezo: kazi ya mikono kwa saa za mapumziko

Askari anapotoka zamu hakosi mambo ya kumpitishia wakati. Chini ya mwembe wa kambi kuna bao na drafti, katika mesi kuna redio na mpira, na nje ya lango kuna mashine za kamari ambazo huweza kumeza mshahara wa mwezi kwa jioni moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mashine ya namna nyingine, isiyo ya kamari, ambayo askari au polisi mwenye msumeno na subira aweza kuijenga mwenyewe: kabati la michezo ya elektroniki ya zamani.

Yafaa kwanza tujue asili yake. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Pong, uliotengenezwa na mhandisi Allan Alcorn, ambamo wachezaji wawili hurudishiana mpira kwenye kioo. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, nchini Japani, alitoa Space Invaders, na mwaka 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, nchini humo humo, akatoa Pac-Man. Michezo hiyo ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye kimo cha mtu: kioo usoni, mikono ya kuongozea na vitufe kifuani, na tundu la sarafu tumboni. Mchezaji alisimama, akatia sarafu, akacheza hata akashindwa. Aghalabu michezo hiyo haikuwa na ushindi wa mwisho. Ilizidi kuwa migumu mpaka mtu azidiwe, kisha ama atie sarafu nyingine ama ampishe mwenziwe.

Iko mashine moja ambayo habari zake zinawahusu zaidi wanajeshi. Mwaka 1980 Atari ilitoa Battlezone, mchezo wa kifaru cha vita ulioandikwa na Ed Rotberg. Mchezaji alichungulia katika kitundu kama dereva wa kifaru, naye alishika mikono miwili: mmoja uliendesha mnyororo wa kushoto, wa pili mnyororo wa kulia. Akitaka kwenda mbele aliisukuma yote miwili. Akitaka kugeuka aliutanguliza mmoja. Muda si mrefu maofisa wastaafu wa jeshi la Marekani waliijia kampuni hiyo, wakataka mashine kama ile kwa ajili ya kuwafunza wapiga mzinga wa gari la kivita liitwalo Bradley. Rotberg hakuipenda kazi hiyo. Mwishowe aliifanya kwa sharti kwamba asishirikishwe tena katika kazi za kijeshi. Zilijengwa mashine mbili tu za majaribio. Gari lake halitembei; mfunzwa huzungusha silaha na kulenga. Na ile mikono miwili ya kifaru iliondolewa, ikawekwa mishikio iliyofanana na ya mpiga mzinga wa Bradley mwenyewe.

Jambo hilo ndilo msingi wa makala haya. Maofisa wale walijua kwamba mkono hujifunza kile unachokishika. Picha peke yake isingetosha. Hali kadhalika kwa michezo hii ya zamani: leo aweza mtu kuicheza kwenye simu kwa kupapasa kioo, lakini atakuwa ameona sura ya mchezo tu. Mwili wa mchezo ni kabati, na kabati likioza au likitupwa, sehemu ya mchezo imekufa. Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingi wamejitwika kazi ya kuyajenga upya majumbani mwao.

Mlango wa kazi hiyo ulifunguliwa mwaka 1997, wakati Mwitaliano Nicola Salmoria alipotoa programu ya MAME. Programu hiyo huifanya kompyuta ya kawaida iige utendaji wa mashine za kale, na mchezo ukaenda kama ulivyokwenda siku zile. Kompyuta ya mezani iliyokwisha kuchakaa yaweza kutosha kwa michezo tuliyoitaja. Watu wengi hutumia pia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ambayo ukubwa wake hauzidi sana ule wa kadi ya benki.

Sasa tuingie katika ujenzi wenyewe. Mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 18 zafaa sana. Kabati la kimo kamili huwa na urefu wa sentimita 170 hadi 180. Kata ubavu mmoja kwanza, uulainishe kwa msasa, kisha uutumie kama kielelezo cha kuchorea ubavu wa pili, ili pande zote zilingane. Meza ya vitufe iwe karibu mita moja kutoka sakafuni, na mkono wa mchezaji upate pa kuegemea. Kabla ya kutoboa mbao nzuri, toboa kwanza kipande cha boksi, vipachike vitufe humo, usimame ujaribu. Kiganja kikichoka upesi, badili mpangilio. Vitufe vingi vya namna hii huhitaji tundu la milimita 28 au 30. Basi pima ulivyonunua wewe.

Kila kitufe kina swichi ndogo yenye ncha mbili. Ncha moja huungwa kwa waya wake peke yake hadi kwenye kibao cha umeme kinachopeleka habari kwa kompyuta. Ncha ya pili huungwa kwa waya mmoja unaozunguka vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Waya huo wa pamoja ukikatika mahali, vitufe vyote vilivyo mbele ya mkato hunyamaza, kama doria iliyopotewa na mawasiliano. Bandika alama kwenye kila waya, na uweke mlango wenye bawaba na kufuli nyuma ya kabati, ili fundi apate kuingia siku ya matengenezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa hatuna budi kutoa maonyo mawili. La kwanza ni la umeme. Kioo cha zamani chenye kisogo kikubwa, kama cha televisheni za kale, hubeba ndani yake maelfu ya volti, nacho huweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyesomea kazi hiyo asikifungue kamwe. Atumie kioo bapa cha kompyuta, akiache katika ganda lake. Umeme wa ukutani wa volti 240 uungwe na fundi anayejua, pamoja na fyuzi na waya wa ardhi, na matundu ya kutolea joto yasisahauliwe.

Onyo la pili ni la sheria. MAME yenyewe hutolewa bure, lakini michezo inayochezwa ndani yake ingali na wenyewe, hata ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Kunakili mali ya mtu bila ruhusa hakugeuki kuwa halali kwa kuwa mali hiyo imezeeka. Iko michezo michache ambayo wenyewe wameruhusu igawiwe bure pasipo biashara, na mingine huuzwa kwa njia halali. Mlinzi wa sheria ataanzia hapo.

Limebaki tundu la sarafu. Ushauri wetu ni kwamba lisitobolewe. Mashine ya mesi isiyodai fedha haiwezi kumfilisi mtu, wala haiwezi kugeuzwa kamari kwa urahisi. Lakini tukumbuke kwamba sarafu ile ilikuwa pia mlinzi: ilipokwisha mfukoni, mchezaji alikwenda zake. Tukiiondoa, kazi yake yatuangukia sisi. Basi saa za kucheza ziandikwe ukutani, zamu ya kila mtu iwe na kikomo, na kengele ya kazi ilipolia kabati lizimwe, hata kama aliyelishika ni mkubwa wa cheo.

Aliyelijenga kabati hili kwa mikono yake atakuwa amejifunza useremala kidogo, uungaji wa nyaya na utunzaji wa mitambo, ujuzi utakaomfaa siku atakapovua sare na kurudi kijijini. Mchezo utaisha jioni hiyo hiyo. Ufundi atakwenda nao.