Gramu 345 za Maji Ndani ya Kopo la Krimu

Kopo la gramu 500 la akwasi krimu, ile nyeupe ya famasi inayofuata fomula ya British Pharmacopoeia, lina gramu 345 za maji. Asilimia 69! Mteja akisikia hivyo huona kaibiwa. Hajaibiwa, ila hesabu yenyewe si ya kuipita hivihivi.

Gramu 155 zilizobaki ni mafuta ya mgando 75, parafini ya maji 30, kihifadhi 5, na nta ya kuunganishia 45. Mzigo wote umebebwa na hiyo nta. Gramu 40.5 zake ni alkoholi ya setostearili (hailevyi), na 4.5 tu ni SLS (sodium lauryl sulfate), kitoa povu kilekile cha shampuu na dawa ya meno.

Ziondoe hizo 4.5, krimu hamna. Alkoholi hiyo ikiyeyushwa kwenye nyuzi 70 hivi, ikakorogwa na maji kisha ikapoa, hujipanga matabaka matabaka, lakini peke yake hainywi maji mengi. SLS ina chaji hasi. Ikijipachika kwenye matabaka, yanaanza kusukumana, na maji yanapata nafasi ya kuingia katikati. Ndiyo maana krimu husimama juu ya kidole bila kuchuruzika. Zidisha maji bila kuzidisha nta, utaishia na losheni.

Maji ni rahisi kununua, si rahisi kuyatunza. Kwa mchanganyiko wa kilo 100, kupasha kilo 69 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 70 kunakula takriban uniti 3.6 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea. Na kihifadhi kimewekwa kwa sababu ya maji hayohayo: penye maji, bakteria na ukungu huota.

Tatizo ni kwamba SLS inaichokoza ngozi pia. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitahadharisha kuwa krimu hii ikiachwa mwilini inaweza kuwasha na kuchoma, hasa kwa watoto wenye pumu ya ngozi. Mbadala ni nta ya setomakrogoli, isiyo na chaji, ambayo asilimia 20 yake ni kiunganishi kinachochukua nafasi ya SLS. Kwa nta ileile ya gramu 45, kiunganishi kinatoka 4.5 hadi 9. Ni mara mbili, na kwa ngozi ya mtoto naona inastahili.

Geuza kopo usome viambato. Ukikuta sodium lauryl sulfate, mwogeshe mtoto nayo kisha msuuze. Usimpake ukamwacha nayo.