Cygnus X-1: kitu kisichoonekana kilijulikana namna gani?

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Siku hiyo Wakenya walikuwa wanasherehekea miaka 7 ya uhuru wao. Njo maana setilaiti ilipewa jina Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutafuta angani miale ya X, ile ile inayotumiwa ku hospitali kwa kupiga picha ya mifupa. Juu ya nini kupanda mbali hivyo? Kwa sababu hewa ya dunia inazuia miale inayotoka angani, haifiki chini.

Fasi moja ilishangaza wataalamu: Cygnus X-1, iliyogunduliwa kwa roketi mwaka 1964. Miale yake ilikuwa inapanda na kushuka hata ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika mbio hivyo, kwani hata mwangaza unahitaji muda ili kukivuka. Basi kilipaswa kuwa kidogo sana. Lakini Uhuru haikuweza kuonyesha kabisa kiko wapi.

Mwangaza mmoja haukutosha

Mwaka 1971, miale ya X ilibadilika sana, na kipindi kile kile mawimbi ya radio yakaanza kutoka upande huo. Antena za Uholanzi na za Marekani zikapima fasi yenyewe: kuna nyota kubwa ya buluu. Lakini nyota ya namna hiyo, peke yake, haiwezi kutoa miale ya X mingi vile.

Ikabaki mwangaza wa kawaida. Louise Webster na Paul Murdin ku Uingereza, na Tom Bolton ku Kanada, waliona nyota hiyo inakwenda na kurudi kila siku 5,6, sawa mutu anayezunguka akishikana mikono na mwenzake ndani ya giza. Mwenzake haonekani, lakini uzito wake leo unakadiriwa kuwa mara 21 ya uzito wa jua.

Ni shimo jeusi. Linavuta gesi ya nyota. Mbele ya kuzama, gesi inapata joto la mamilioni ya digrii, na hapo njo miale ya X inatoka.

Mwaka 1974, Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne kwamba si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali kushindwa.

Miale ya X ilisema kitu ni kidogo, radio ikaonyesha fasi, mwangaza wa macho ukapima uzito.