Fundi Akianguka, Nani Atalipa?



Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Embu kiliweka pesa kidogo kidogo hadi kikaweza kuezeka chumba cha shule ya watoto wadogo. Fundi alikuja na kijana wa kumsaidia. Siku ya pili ngazi iliteleza, kijana akaanguka na kuvunjika nyonga. Fundi akasema, "Mimi sina kitu, kazi ni yenu." Akina mama wakajibu, "Kijana ni wako." Pesa za mabati ziliishia hospitalini, na kijana akakaa nyumbani miezi mingi bila senti. Mimi nilikuwa katika mkutano ule. Hapakuwa na mtu mbaya pale, ila hakuna aliyekuwa ameuliza mapema.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inasema mfanyakazi akiumia kazini mwajiri ndiye hulipa, na ni lazima mwajiri awe amekata bima. Malipo hayo ni ya matibabu, na pia mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi, mpaka miezi 12. Akilemaa kabisa, au akifa na kuacha watu wanaomtegemea, hesabu ni mapato ya miezi 96. Kwa mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,920,000. Ni kikundi gani chetu kina pesa hizo sandukuni?

Je, mwajiri ni nani? Mkipatana na mkandarasi afanye kazi yote kwa bei moja, naye ndiye anayewaita na kuwalipa vijana wake, kwa kawaida mwajiri wao ni yeye. Lakini mkiwalipa vibarua kwa siku na kuwaambia waje saa ngapi na wafanye nini, mwajiri ni nyinyi, hata kama hamkuandikiana barua.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza

1. Fundi alete karatasi ya bima yenyewe, si maneno. Bima ya pikipiki si bima ya kazi.
2. Someni pamoja: jina ni lake? Tarehe haijapita? Kazi iliyoandikwa ni hii yenu? Aliyekata bima ya kupaka rangi asiwachimbie kisima kwa bima hiyo.
3. Pigieni simu kampuni ya bima kwa namba mliyotafuta wenyewe. Iwe ni kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima.
4. Ulizeni kama fundi mwenyewe amekingwa. Bima ya wafanyakazi ni ya wale anaowalipa. Yeye anahitaji bima yake ya ajali.
5. Andikeni makubaliano, mtie sahihi, katibu aweke nakala.

Na kama hana bima?

Mafundi wengi wa vijijini hawana. Msimfukuze. Ulizeni wakala wa bima Meru au Embu mjini bei ya kukinga kazi hiyo moja. Bei hufuata jumla ya mishahara na hatari ya kazi. Iwekeni kwa bajeti pamoja na misumari na saruji. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, yaweza kusaidia kwa bili ya hospitali, lakini hailipi mshahara uliopotea.

Mtu akiumia, mwajiri aambiwe, naye apeleke ripoti kwa serikali ndani ya siku 7. Dai la fidia lisipite miezi 12. Ofisi ya kazi itawaelekeza.

Hata hivyo, bima haizuii mtu kuanguka. Kagueni ngazi na jukwaa kila asubuhi. Tahadhari kabla ya hatari.

Ya kujadili kikundini

- Kazi yetu ya mwisho, mwajiri alikuwa nani?
- Kama mtu angeumia siku ile, tungetoa wapi pesa?
- Nani kati yetu atakagua karatasi za fundi anayekuja?